Kuchagua Marisau ya Kuwindia Bata Mzinga: Funzo kwa Kila Mshika Bunduki



Kila mwaka, majira ya baridi yanapokwisha katika nchi ya Marekani na miti kuanza kuvaa majani mapya, wawindaji wengi wa nchi hiyo huamka kabla ya alfajiri, huvaa sare za mabaka, na kwenda kuketi kimya kwenye mashina ya miti wakimngoja ndege mmoja tu, naye ni bata mzinga wa mwituni. Mara nyingi mwindaji hupata nafasi moja ya kufyatua. Akikosa, ndege huruka na asubuhi imekwisha. Akimjeruhi bila kumwua, ndege hukimbilia vichakani na kufa polepole pasipo faida kwa mtu yeyote. Kwa sababu hiyo wawindaji hao wameifanya kazi ya kuchagua katriji kuwa elimu kamili, yenye hesabu, vipimo na majaribio.

Yamkini askari mwenzangu atauliza: elimu hiyo ya Wamarekani na ndege wao yatuhusu nini sisi? Jibu ni kwamba bunduki wanayoitumia ni bunduki ya marisau, ile ambayo wengi wetu huiita shotigani, nayo imo pia mikononi mwa polisi na walinzi wa nchi nyingi. Askari aliyelelewa na bunduki ya vita huwaza risasi moja na shabaha moja. Bunduki ya marisau yataka fikira nyingine, kwa maana inapolia hutoa chembe nyingi, na kila chembe ina safari yake. Makala haya si wito wa kwenda kuwinda, wala silaha ya serikali haikutolewa kwa kazi hiyo. Ni funzo juu ya chombo, na mfano wa bata mzinga huliweka funzo hilo wazi kuliko mfano mwingine.

NDEGE MWENYEWE

Bata mzinga asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na Wahispania ndio waliompeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Waingereza walimchanganya na kanga wetu wa Afrika, ambaye alikuwa akiwafikia kwa njia ya biashara ya nchi za Waturuki. Ndiyo sababu hadi leo Mwingereza humwita ndege huyu kwa jina la Uturuki, na Mfaransa humwita kwa jina linalotokana na Bara Hindi. Kumbe yeye si Mturuki wala si Mhindi, na sisi tunaomwita bata tunajua kwamba hata bata siye.

Dume lililokomaa aghalabu huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11. Macho yake ni makali mno, nayo huona rangi. Kidole kikitikisika tu, huondoka. Mwili wake umefunikwa na maelfu ya manyoya, na chini ya manyoya hayo mna nyama nene ya kifua na mifupa migumu ya mabawa. Chembe ndogo za marisau zikiupiga mwili huo kutoka mbali hukwama njiani kabla ya kufika penye uhai. Mwindaji hodari, basi, halengi mwili. Hulenga kichwa na shingo, ambako ubongo na uti wa mgongo havina ngao ya manyoya mazito. Sehemu hiyo ni nyembamba, upana wake ni wa vidole vichache tu, tena haitulii: ndege hutembea akiipeleka mbele na kuirudisha nyuma.

Hapo ndipo lilipo fumbo lote. Mwindaji ahitaji chembe nyingi kiasi kwamba baadhi yake lazima ziangukie penye sehemu hiyo nyembamba, na papo hapo ahitaji kila chembe iwe na nguvu ya kuvunja mfupa. Chembe zikiwa kubwa, zitakuwa na nguvu lakini zitakuwa chache. Zikiwa ndogo, zitakuwa nyingi lakini zitakuwa dhaifu. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Na kuchagua katriji ni kutafuta kiasi katikati ya mambo hayo mawili.

UKUBWA WA BUNDUKI

Tuanze na bunduki yenyewe. Ukubwa wa mtutu wa bunduki ya marisau hupimwa kwa geji, na kipimo hicho huwapotosha wengi kwa kuwa kimegeuzwa. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, ukaigawe katika tufe 12 zilizo sawa. Tufe moja katika hizo itaenea barabara ndani ya mtutu wa geji 12. Ukiigawa ratili hiyo hiyo katika tufe 20, kila tufe itakuwa ndogo zaidi, nayo itaenea ndani ya geji 20. Kwa hiyo nambari ikipanda, mtutu hupungua. Geji 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na geji 20 ina milimita 15.6. Bunduki ndogo kuliko hizo, iitwayo .410, haifuati desturi hiyo. Nambari yake ni kipenyo chenyewe kwa sehemu za inchi, yaani milimita 10.4.

Baada ya geji huja urefu wa katriji. Katika geji 12 kuna katriji za inchi 2¾, inchi 3 na inchi 3½. Katriji ndefu hubeba mzigo mkubwa zaidi wa marisau. Asiyejua hukimbilia ile ndefu kabisa, akidhani kwamba kubwa ndiyo bora. Lakini kila mzigo unaokwenda mbele hurudisha teke nyuma, na teke la katriji ya inchi 3½ ni kali mno begani. Askari yeyote aliyepita uwanja wa shabaha ajua matokeo yake: mpigaji huanza kufumba macho na kukaza bega kabla hajavuta kifyatulio, na bunduki huinama. Katriji ya inchi 3 ikifyatuliwa na mtu aliyetulia hushinda ile ya inchi 3½ mikononi mwa mtu anayeiogopa bunduki yake. Zaidi ya hayo, urefu unaokubalika huandikwa ubavuni mwa mtutu, na ni mwiko kutia katriji ndefu kuliko ilivyoandikwa.

UKUBWA WA CHEMBE

Chembe za marisau nazo zina nambari, na nambari hizo pia zimegeuzwa. Kwa vipimo vya Kimarekani ipo hesabu nyepesi ambayo kila askari anaweza kuikariri: toa nambari ya chembe katika 17, na jibu ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za inchi. Chembe Nambari 4 ni 17 kutoa 4, yaani 13, ambayo ni inchi 0.13 au milimita 3.3. Nambari 5 ni inchi 0.12, Nambari 6 ni inchi 0.11, na Nambari 9 ni inchi 0.08, yaani milimita 2 hivi.

Kwa miaka mingi wawindaji wa bata mzinga waliotumia madini ya risasi walibaki katika nambari tatu tu: 4, 5 na 6. Aunsi moja ya Nambari 4 ina chembe zipatazo 135. Ya Nambari 5 ina 170. Ya Nambari 6 ina 225. Tuseme katriji ina mzigo wa aunsi 1¾, ambao ni gramu 50 hivi. Katika Nambari 4 mwindaji atapeleka chembe zipatazo 236, katika Nambari 5 atapeleka karibu 300, na katika Nambari 6 atapeleka karibu 394. Nambari 4 hupenya vizuri kwa mbali lakini huacha mianya. Nambari 6 huujaza uwanja wa shabaha lakini huchoka mapema. Nambari 5 husimama katikati, ndiyo sababu wengi waliipenda.

Hapa polisi aweza kuuliza: je, zile katriji za golori kubwa tunazozijua kazini, si zingemwua ndege huyu mara moja? Katriji ya kawaida ya golori aina ya 00 katika geji 12 ya inchi 2¾ hubeba golori tisa, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4 hivi. Silaha ya namna hiyo ndiyo waliyoitumia askari wa Marekani katika mahandaki ya Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mnamo Septemba 1918 Ujerumani ilipeleka malalamiko rasmi ikisema kwamba inavunja sheria za vita. Marekani ikayakataa malalamiko hayo. Hapana shaka kwamba golori moja ya aina hiyo yaweza kumwangusha mtu. Lakini tuchore duara lenye upana wa inchi 10 na kuzitia golori zote tisa ndani yake: kila golori itakuwa na inchi za mraba karibu tisa za kuzunguka peke yake. Shingo ya bata mzinga yaweza kupita katikati yao bila kuguswa, na golori zilizokosa zitaendelea na safari yake mbali zaidi, zikiwa bado na nguvu ya kuua. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yameweka kwa sheria mpaka wa ukubwa wa chembe za kumwindia ndege huyu, na golori kubwa haziruhusiwi.

MADINI YALIYOMO

Katika Kiswahili neno risasi ni jina la madini na ni jina la kitu kinachotoka katika bunduki. Lugha yetu ilikwisha kueleza historia yote: kwa karne nyingi kilichofyatuliwa kilikuwa ni madini hayo. Risasi ni nzito, ni rahisi kuyeyushwa, na bei yake ni nafuu. Ila ina kasoro mbili. Kwanza ni laini. Baruti inapowaka, chembe husukumana na kubonyea, na chembe iliyobonyea haiendi sawa hewani, hupotea pembeni. Watengenezaji hupunguza kasoro hiyo kwa kuichanganya risasi na antimoni ili iwe ngumu, kwa kuipaka shaba au nikeli, kwa kuizungushia kikombe cha plastiki ndani ya katriji, na kwa kumimina unga wa plastiki katikati ya chembe ili zisigongane. Katriji nzuri ya risasi hutambulika kwa mambo hayo, wala si kwa picha iliyochorwa juu ya boksi lake.

Kasoro ya pili ni sumu. Ndege wa majini walizimeza chembe zilizoanguka katika matope ya maziwa na mabwawa, wakafa. Kwa ajili hiyo, kuanzia mwaka 1991 Marekani nzima ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata na mabata bukini. Jimbo la California likaenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Julai 2019 mwindaji wa mnyama au ndege yeyote haruhusiwi kutumia risasi za madini hayo. Kwingineko, majimbo mengi bado humruhusu mwindaji wa bata mzinga kutumia madini ya risasi.

Badala yake yapo madini mengine. Chuma cha pua ni rahisi kwa bei, lakini ni chepesi: sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 7.8, hali risasi ina gramu 11 na zaidi. Chembe nyepesi hupoteza mwendo upesi, kwa hiyo mwenye kutumia chuma huchagua chembe kubwa zaidi, kwa kawaida hatua mbili, na hukaribia zaidi. Tena chuma hakibonyei. Kikipitishwa katika mtutu wa kale au mdomo uliobanwa mno, chaweza kuuharibu. Bismuthi ina gramu 9.6 hivi, iko kati ya chuma na risasi.

Ama kuhusu tungsteni, hiyo ndiyo iliyoleta mapinduzi. Mchanganyiko wa tungsteni na kiasi kidogo cha nikeli na chuma una gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo. Nguvu ya chembe ya kupenya, mwendo ukiwa sawa, hufuata uzito wake ukilinganishwa na upana wa uso wake. Na kwa tufe, jambo hilo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa ujazo na kipenyo. Tufanye hesabu hiyo. Risasi Nambari 4: 11.1 mara 3.3 ni 36.6. Tungsteni Nambari 9: 18 mara 2.03 ni 36.5. Maana yake ni kwamba chembe ndogo ya tungsteni, ambayo macho yangeidharau, hupenya sawa na chembe ya risasi inayoizidi upana kwa zaidi ya nusu. Na kwa kuwa ni ndogo, aunsi moja ya tungsteni Nambari 9 ina chembe 360 hivi, hali ile ya risasi Nambari 4 ina 135.

Matokeo yake ni ya ajabu. Bunduki ndogo ya .410, iliyokuwa ikionwa kama bunduki ya kufundishia watoto, hubeba aunsi 13/16 ya tungsteni Nambari 9, yaani chembe zipatazo 290. Hiyo ni sawasawa na hesabu ya geji 12 yenye aunsi 1¾ ya risasi Nambari 5, tena bila lile teke kali. Mzee ambaye bega lake limechoka, au kijana mwenye mwili mdogo, aweza sasa kuwinda kwa bunduki nyepesi na kuua vizuri. Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa. Katriji moja ya tungsteni huweza kufikia dola 10 na zaidi, na kwa bei hiyo mtu hununua katriji kadhaa za risasi. Usiache mbachao kwa msala upitao: mwenye kungoja ndege wake akaribie hadi hatua 30 hana haja ya kuitupa risasi Nambari 5 mahali inaporuhusiwa.

MBANO WA MDOMO WA MTUTU

Marisau hutoka yakiwa yameshikana, kisha hutawanyika kadiri yanavyokwenda. Ili kuchelewesha kutawanyika huko, mdomo wa mtutu hubanwa kidogo. Bunduki nyingi za siku hizi huwa na bomba fupi la kuparazia kwa hesi ndani ya mdomo, na mwenyewe hulibadilisha apendavyo. Kwa bata mzinga hutumiwa mbano mkali.

Lakini mbano nao una mipaka. Ukizidi, chembe za risasi husongamana, hubonyea, na mtawanyo huharibika badala ya kunyooka. Kadhalika, mbano mkali hufanya marisau yaliyo karibu yawe kama ngumi moja. Ndege akitokea ghafla katika hatua kumi, mwindaji aliyezoea kudhani kwamba bunduki ya marisau haikosi hushangaa kumwona akiruka mzima. Tena kila mtutu una tabia yake. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zilizotoka siku moja, zaweza kuipenda au kuichukia katriji ile ile. Hakuna kitabu wala tangazo liwezalo kukuambia ni ipi itakayokubaliana na bunduki yako.

KARATASI HAINA UPENDELEO

Jambo la kufanya, basi, ni majaribio, na hapa askari atajiona nyumbani. Mwindaji hutandika karatasi kubwa mbele ya kilima au tuta la udongo. Kwanza husimama yadi 20 na kupiga shabaha akiwa ameegemeza bunduki imara, ili aone kama kiini cha marisau kinaangukia pale anapolenga, kwa sababu bunduki nyingi hupiga juu au pembeni bila mwenyewe kujua. Kwa kazi hiyo hutumia katriji nyepesi za bei nafuu, apate kuliokoa bega na mfuko. Kisha husogea hadi yadi 40, ambazo ni mita 37 hivi, na kupiga kwa katriji ile ile atakayoiendea porini.

Baada ya kupiga, hutafuta mahali chembe zilipojaa zaidi, huchora duara la upana wa inchi 10, na kuhesabu matundu. Kipimo kilichozoeleka tangu zamani ni chembe 100 ndani ya duara hilo. Sababu yake ni hesabu tupu: duara la inchi 10 lina inchi za mraba zipatazo 78, kwa hiyo chembe 100 humaanisha kwamba kila inchi ya mraba imepata chembe moja na zaidi, na shingo na kichwa haviwezi kuponyoka. Chembe zikiwa 40 tu, kila chembe ina inchi za mraba mbili, na mianya imekwisha kufunguka. Mwenye busara hapigi karatasi moja akaridhika. Hupiga tatu au zaidi, kwa kuwa bahati yaweza kuandika karatasi moja lakini haiandiki zote. Hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ama katriji ama mbano, apate kujua ni lipi lililoleta mabadiliko.

Umbali ambao karatasi inaonyesha chembe 100 ndio mpaka wa bunduki hiyo. Kama ni yadi 35, basi mpaka ni 35, hata kama boksi la katriji linaahidi 60. Tangu tungsteni ilipoingia madukani, wako watu waliovutwa kupiga ndege kwa mbali mno, na wengi katika uwindaji wamewaonya kwa haki. Macho ya binadamu hukosea kukadiria umbali msituni. Tena kosa dogo la mkono, ambalo katika yadi 25 halionekani, katika yadi 60 huupeleka mzigo wote nje ya shingo. Nguvu ya katriji ilitolewa ili kazi ya yadi 40 iwe na hakika zaidi. Haikutolewa ili mtu aache kujifunza subira.

MTU SI BATA MZINGA

Sasa tufike penye jambo lililo zito kuliko yote. Mwindaji wa bata mzinga hujificha, huvaa mabaka, na huigiza sauti ya jike ili dume lije. Mwindaji mwingine aliye ng'ambo ya kichaka husikia sauti hiyo. Akiamini kwamba ni ndege, na akafyatua penye sauti au penye jani lililotikisika, amempiga mwanadamu mwenzake. Ajali za namna hiyo zimetokea Marekani mara nyingi, na kutokana nazo zimezaliwa kanuni zinazofundishwa kwa kila anayeanza. Usivae kitu chekundu, cheupe wala cha buluu, kwa kuwa hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Usiinyatie sauti ya bata mzinga. Keti mahali pamoja, umwite aje. Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu akija, usimpungie mkono. Mwite kwa sauti ya kibinadamu. Usitie kidole penye kifyatulio mpaka umekiona kichwa, shingo na ndevu za kifuani, na umejua kilichoko nyuma yake.

Wala cheo hakimlindi mtu na ajali. Tarehe 11 Februari 2006, katika shamba moja la mifugo huko Texas, Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Dick Cheney, alikuwa akiwinda kware kwa bunduki ya geji 28. Aligeuka kumfuata ndege aliyeruka, akafyatua, na marisau yakampata usoni, shingoni na kifuani mwenzake katika uwindaji, mwanasheria Harry Whittington, mwenye umri wa miaka 78. Baada ya siku chache chembe moja iliyokuwa karibu na moyo ilimletea mshtuko mdogo wa moyo. Alipona. Hizo zilikuwa chembe ndogo kabisa, za kuulia ndege anayeenea kiganjani. Mwenye kusema kwamba marisau madogo hayadhuru mtu na aikumbuke siku hiyo.

FEDHA YA KATRIJI

Limebaki jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa mwituni alikuwa karibu kutoweka. Misitu ilikatwa, na watu waliwinda ili kuuza nyama sokoni, bila msimu wala kiasi. Mwaka 1937 Marekani ilitunga sheria inayoelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi wa wanyama. Kwa bunduki ndefu na risasi kodi hiyo leo ni asilimia 11. Katika miaka ya 1950 maofisa wa wanyamapori walibuni njia ya kuwanasa ndege hao kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, wakawahamishia kwenye misitu iliyokuwa mitupu. Leo ndege hao wamo katika majimbo yote isipokuwa Alaska, na wanahesabiwa kwa mamilioni, ingawa katika baadhi ya majimbo ya kusini-mashariki idadi imepungua tena na serikali zao zimelazimika kuchelewesha msimu au kupunguza idadi anayoruhusiwa kila mwindaji. Ndege huyu hakuokolewa na kukosekana kwa bunduki. Aliokolewa na sheria, leseni, kodi, na watu waliokubali kuhesabiwa kila walichokiua.

Basi, ndugu askari, tukusanye funzo letu. Kwanza jua shabaha yako na sehemu yake iliyo na uhai. Pili jua umbali. Tatu chagua ukubwa wa chembe na madini yanayotosha kwa umbali huo, bila kuzidisha wala kupunguza. Nne tafuta mbano unaokubaliana na katriji hiyo. Tano upeleke uamuzi wako mbele ya karatasi, na karatasi ikikukatalia, ukubali. Mwisho, jua kilichoko mbele na nyuma ya shabaha kabla ya kidole kuingia. Taratibu hii yafaa msituni Missouri kwa mwindaji anayemngoja ndege, na yafaa katika lindo la usiku kwa askari aliyekabidhiwa bunduki ya marisau. Kifyatulio kikishavutwa, chembe hazisikii amri ya kurudi.